Kungoja Mwamba Uive

Jumatatu, 26 Agosti

Nimefika saa tisa alasiri. Chumba changu kiko juu ya jiko la dada: kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha linalotazama majabali. Nimekunja barua ya mhariri mara nne nikaisukuma chini ya mguu wa meza. Barua inataka makala ndefu kuhusu msimu wa wapanda majabali, maneno elfu nne, "yenye hisia". Meza sasa haitikisiki.

Dada anaendesha nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Mumewe, shemeji yangu, ni mwongozaji mkuu. Kwa miaka ishirini na sita amewapandisha watu kwenye majabali kwa kamba na kuwashusha wakiwa wazima. Mjini wanamwita Mjusi. Binti yao, mpwa wangu, ana miaka ishirini na minne, na tarehe 20 Septemba ana mtihani wa uongozaji. Akifaulu atavaa beji na kuanza kuongoza kamba yeye mwenyewe. Akikosa, ofisi ya waongozaji haitahini tena mpaka Septemba ya mwakani.

"Shemeji, umenenepa," Mjusi alinipokea mlangoni. "Nitafute kamba ya kufungia meli?"

"Tafuta. Na wewe nitafute kamba ya kufungia mdomo."

Dada alisema tuvue viatu kabla ya kuanza upuuzi wetu.

Alhamisi, 29 Agosti

Jua. Nimeandika aya tatu, nimefuta nne.

Jumanne, 3 Septemba

Wamenipeleka kutazama mazoezi. Jabali lina urefu wa mita arobaini, rangi ya mkate uliookwa vizuri. Mpwa wangu alipanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwao akiwaza mambo mengine.

Nimejifunza lugha yao. Hapa mwamba haulowi, unakuwa mbichi. Wala haukauki, unaiva. Kabla ya mtu yeyote kufunga kamba, mwongozaji mkuu huweka kiganja ukutani, hungoja kidogo, kisha hutamka neno moja. Akisema "mbichi", wote wanarudi nyumbani bila kubishana. Akisema "umeiva", wanapanda.

"Na ukikosea?" nilimuuliza shemeji.

"Mwamba mbichi ni kama sabuni. Ukikosea, hukosei mara mbili."

Nimenakili kanuni kutoka karatasi ya mtihani ya mpwa wangu, neno kwa neno, maana mhariri hupenda kanuni: *Kabla mtahiniwa hajapanda, mwongozaji mkuu ataugusa ukuta na kutamka hali yake.*

Jumanne, 10 Septemba

Asubuhi shemeji ameshika sufuria ya uji kwa mikono mitupu akaibeba mpaka mezani. Wageni wamempigia makofi. Dada hakupiga.

Jumanne, 17 Septemba

Mtahini ameshuka kwenye basi la saa kumi. Ni mama wa miaka sitini na kitu, ana mwavuli, chupa ya chai na mkoba mgumu wa kuwekea karatasi. Amepewa chumba namba tatu. Alimwangalia mpwa wangu kuanzia viatuni kwenda juu, akasema, "Ijumaa, saa tatu," akaenda kulala.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeamshwa na ukimya. Kwa kawaida saa kumi na mbili nasikia mikokoteni ya mkate, mbwa wa jirani na dada akigombana na jiko. Leo hakukuwa na kitu. Nilidhani nimeziba masikio kwa mto.

Theluji. Nimepima kwa rula kwenye kizingiti: sentimita thelathini na moja. Dada anasema katika miaka yake yote hapa haijawahi kuanguka kabla ya mwisho wa Oktoba. Shuka zake zilikuwa kambani uani. Zimeganda zikasimama, nne kwa mstari, kama watu wembamba waliokuja kuulizia chumba wakaona aibu kubisha hodi. Kwenye kiti cha nje pameketi mto mweupe. Majabali hayapo. Pale dirishani palipokuwa na mlima kuna kitu kama ukurasa kabla ya kuandikwa.

Nimetembea mpaka posta na kurudi. Watu wanaongea kwa sauti ya chini, kama mji mzima ni nyumba yenye mgonjwa aliyepata usingizi. Mwenye duka la vyuma alikuwa amesimama mlangoni na koleo mkononi, hachimbi, anatazama tu. Nilimuuliza anatazama nini. Akasema, "Ngoja kwanza." Nikasimama naye. Sijui tulisimama muda gani. Saa yangu inasema dakika kumi na moja.

Mpwa wangu ameshinda kwenye ngazi, akikunja na kukunjua kamba ile ile.

Ijumaa, 20 Septemba

Saa tatu kamili mtahini alishuka na viatu vyake vya kupandia, akafungua mlango, akatazama nje, akaufunga.

"Kanuni haziniruhusu kumtahini mtu kwenye ukuta mbichi," alisema. "Naondoka na basi la tarehe nne Oktoba. Baada ya hapo barabara inafungwa. Mkinipatia ukuta ulioiva kabla ya hapo, nitamtahini. Mkishindwa, tutaonana mwakani."

"Utapata, Mama," shemeji akadakia. "Wiki mbili ni nyingi."

Mpwa wangu alisema kama ni mwakani, basi mwakani, yeye bado kijana. Shemeji alimgeukia kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. "Msimu huu. Umenisikia? Msimu huu." Kisha akatoka kwenda kuondoa theluji ambayo ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Jumapili, 22 Septemba

Ukungu. Nimelala mchana na kuota kwamba nalala. Nilipoamka nilimwona shemeji uani, ameegemeza shavu kwenye ukuta wa mawe, macho amefumba. Alihama hatua moja, akaegemeza tena. Nilidhani anaomba dua, au amechoka. Sikumwita.

Jumatatu, 23 Septemba

Tumezunguka na gari la shemeji kutafuta ukuta. Bonde la kaskazini: theluji. Bonde la mto: maji yanatiririka kwenye kila ufa. Tumerudi na mkate.

Jumanne, 24 Septemba

Jua la saa mbili. Tumekwenda kwenye ukuta ulio nyuma ya kinu cha zamani, unaotazama kusini. Kwa mbali ulionekana mweupe na safi. Shemeji aliweka kiganja, akangoja.

"Umeiva," alisema.

Mpwa wangu akaanza kufunga kamba, anacheka, anaimba kitu kisicho na maneno. Mimi niliweka mkono pale pale alipoweka shemeji, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kugusa kitu kabla ya kukiandika. Kisha nikafungua daftari. Alama za vidole vyangu vinne ziko kwenye ukurasa huu. Wino umesambaa kuzizunguka.

Sikuhitaji kuwaonya. Mpwa wangu alishika kishikio cha kwanza, akakiachia, akanusa kiganja. "Baba, hapa ni mbichi."

"Hapo ulipo wewe," alisema shemeji. "Mimi nimegusa hapa."

Tulirudi. Njiani alisimulia hadithi ya mteja aliyepanda mita kumi akakumbuka ameacha pasi kwenye umeme. Nimewahi kuisikia. Tulicheka.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua juu ya theluji. Nimehesabu: kwa siku moja shemeji amejifunga kifungo cha shati mara sifuri.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimemkuta kwenye chumba cha viatu, anapaka mafuta ngozi. Kwenye kidole gumba chake cha kulia kuna lengelenge kubwa kama harage. Limetokana na kikombe cha chai cha asubuhi, nilikuwepo. Alikishika kwa mikono yote miwili, anaongea, mvuke unampanda usoni.

"Shemeji, ukuta wa kinu ulikuwa umelowa."

"Kidogo."

"Umelowa. Nina ukurasa."

Aliendelea kupaka mafuta. Aliimaliza buti yote ya kushoto.

"Tangu Januari," alisema. "Nilimtafuta mteja aliyepotea kwenye barafu, saa tisa nzima. Yeye alipona vizuri. Mimi vidole hivi vimekuwa kama vya kuazima. Vinashika, vinafunga fundo, vinafanya yote. Ila havinipi habari."

"Dada anajua?"

Dada alikuwa mlangoni na kapu la taulo. "Nani anamfunga vifungo kila asubuhi? Ulidhani ni mahaba ya uzeeni?" Akaweka taulo juu ya benchi. "Binti ndiye hajui. Baba yake anataka binti avae beji kwanza, yeye astaafu kama mtu aliyechoka tu. Nimemwambia ni ujinga. Labda wewe atakusikia, una diploma."

Nilimuuliza shemeji kuhusu shavu. Aliona haya kuliko alipozungumzia vidole.

"Shavu linajua. Nimejipima pale uani, sijakosea hata mara moja. Lakini wewe fikiria. Mjusi mzima, mbele ya mtahini, nabusu ukuta. Mtahini ataniuliza kulikoni, na binti atasimama pale pale akisikia."

Katika kazi yangu nimewaahidi watu wengi kutoandika. Sijawahi kumwahidi mtu kunyamaza wakati mwingine anapanda. Nikamwambia hivyo. Nimempa mpaka asubuhi ya mtihani, kama utakuwepo. Akitamka neno kwa mkono ule, nitatamka mimi.

"Sawa," alisema. Akachukua buti ya kulia.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku sita zimebaki. Ukungu umeingia mpaka barazani. Mtahini anafuma soksi, na kila akimaliza kitanzi cha mwisho cha mstari huuliza, bila kuinua macho, "Bado mbichi?" Mpwa wangu hujibu, "Bado, Mama." Wamefanya hivyo mara saba.

"Mjomba," mpwa wangu aliniuliza, "wewe ukiandika jambo halafu likawa si kweli, unafanyaje?"

"Naandika tena chini yake kwamba nilikosea."

"Na aliyelisoma jana?"

"Huyo ndiye tatizo."

Alicheka, akasema kazi yangu na ya baba yake ni moja, tofauti ni kwamba baba yake hana kitambi. Sikujua anajua nini. Nadhani hajui kitu, na mimi nilikuwa nakunywa chai yake.

Jumapili, 29 Septemba

Hakuna.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimetembea peke yangu kwa njia ya ng'ombe iliyo juu ya mji, bila nia yoyote. Theluji ilikuwa imefika kifundo cha mguu. Kila kitu kilikuwa kimefifia, anga na ardhi rangi moja, nikawa natembea kama mtu anayejikumbuka akitembea. Kisha kwenye mteremko wa pili nikaona moshi. Moshi mdogo, mkupuo mmoja, ukakoma. Mwingine kando yake. Mwingine. Kama kuna watu wafupi sana wamekaa wanavuta sigara.

Nilikwenda kuangalia. Walikuwa shomoro, nimehesabu kumi na wanane, wanaoga vumbi.

Nilisimama muda kabla kichwa hakijaelewa nilichokiona. Vumbi. Siku kumi na mbili sijaona vumbi. Juu yangu jabali lilikuwa limeinama mbele kama paa la kituo cha basi, na chini yake ardhi ilikuwa kavu kabisa, ya kijivu laini, imejaa mashimo ya kuoga. Theluji haikuwahi kuingia humo. Nimechukua vumbi kidogo nikaliweka kwenye bahasha. Shomoro walinisubiri nimalize.

Nyumbani nilimwaga bahasha mezani, mbele ya mpwa wangu. Alilitazama kama mtu aliyeletewa barua. Aliingiza kidole, akakisugua kwenye gumba.

"Mjomba," alisema, "umelitoa wapi?"

Jumanne, 1 Oktoba

Tumeenda mimi na yeye kupima. Ukuta una mita thelathini na tano. Mita kumi na mbili za chini zimejificha chini ya paa. Juu ya hapo kuna nyufa mbili: wa kushoto unapitisha maji ya theluji inayoyeyuka, wa kulia hauonyeshi kitu kwa mbali. Maji yanahama kila siku. Leo yako kushoto.

Jumatano, 2 Oktoba

Mtahini amekubali. Kesho saa tatu. Shemeji amekula vizuri na kutania watu wote. Mimi sijala vizuri.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nyuzi joto nne saa mbili na nusu. Hakuna upepo. Tulipanda njia ya ng'ombe kwa mstari: mtahini na mwavuli wake, mpwa wangu na kamba, shemeji, mimi. Dada alibaki. Alisema ana vyumba vya kufagia. Vyumba havina wageni.

Shomoro hawakuwepo, mashimo yao yalikuwepo. Mtahini aliweka mkoba wake juu ya jiwe, akatoa karatasi, akafungua kalamu.

"Mwongozaji mkuu. Ukuta ukoje?"

Shemeji alikwenda mbele, akaweka kiganja. Mpwa wangu alikuwa nyuma yake anafunga fundo kiunoni, ulimi umetokeza kidogo, kama alivyokuwa akifunga kamba za viatu akiwa na miaka mitano. Shemeji aligeuka akamwona. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Sijui," alisema shemeji.

Kalamu ya mtahini ilisimama. "Hujui nini?"

"Sijui kama umeiva. Mkono huu hauniambii. Wala huu. Tangu Januari."

Mpwa wangu aliachia fundo nusu. Alitazama mikono ya baba yake, akatazama ukuta, na niliona anarudi nyuma siku baada ya siku, anafika kwenye kinu. "Kule uligusa," alisema. "Ulisema umeiva."

"Nilisema."

"Ningepanda, Baba."

"Najua, mama. Najua."

Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani juu, tone, kisha kimya kirefu, kisha tone. Mtahini alianza kufunga mkoba. Alisema, bila ubaya, kwamba kanuni inataka mwongozaji mkuu autamke ukuta, na mwongozaji mkuu mwingine hayupo mjini, na kesho kuna basi.

Nilirudisha kurasa za daftari mpaka tarehe 3 Septemba. "Mama, samahani. Kanuni inasema 'ataugusa ukuta'. Haisemi kwa mkono."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alitoa karatasi yake akalinganisha, kidole juu ya kila neno. "Haisemi," alisema. "Aliyeandika hii hakufikiria." Akamgeukia shemeji. "Una kitu kingine cha kugusia?"

Shemeji alivua kofia. Alikwenda ukutani, akafumba macho, akaegemeza shavu la kushoto kwenye jiwe. Alikaa hivyo. Mtu asiyejua angedhani anasikiliza watu walio chumba cha pili. Alihama nusu hatua, akagusa tena, akahama, mpaka akaumaliza ukuta wote wa chini, mita sita, polepole, mbele ya binti yake na mwanamke mwenye kalamu.

"Umeiva," alisema, "kuanzia hapa mpaka pale kwenye mpasuko. Kutoka mpasuko kwenda kushoto ni mbichi. Huoni, lakini ni mbichi. Asishike kushoto."

Mtahini alikwenda akaweka kiganja kushoto kwa mpasuko. Akakitazama. Akakifuta kwenye koti lake, akaandika.

"Panda," alimwambia mpwa wangu.

Alifunga fundo upya kuanzia mwanzo. Mimi sijui kupanda, najua kuangalia saa. Mita kumi na mbili za kwanza, dakika tisa. Alitoka chini ya paa akaingia kwenye mwanga. Pale alisimama. Aliangalia ufa wa kulia, ule tuliouchagua juzi, akapeleka mkono, akautoa.

"Mbichi!" alipiga kelele. Maji yalikuwa yamehama.

Shemeji alikuwa ameshika kamba upande wa chini, imezunguka kiunoni mwake na kupita kwenye pete ya chuma. Hakumwambia kitu. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Kisha nilimwona mpwa wangu, kule juu, anainamisha kichwa. Aliweka shavu kwenye ubamba wa jiwe katikati ya nyufa mbili, mahali pasipo na ufa wowote, penye vishikio vya unene wa kitufe cha shati. Akahama kidogo, akaweka tena.

"Umeiva!" alisema. Akapitia hapo.

Dakika arobaini na saba mpaka kileleni. Aliposhuka, upande mmoja wa uso wake ulikuwa wa kijivu. Wa baba yake pia, ule ule wa kushoto.

Mtahini alitia sahihi kwanza, akavua miwani, kisha akaongea. "Binti, umefaulu. Baba, kuanzia leo huongozi. Ulitamka ukuta usioujua, na nitaliandika hilo pia."

"Liandike."

"Beji."

Shemeji alishika pini kifuani. Alijaribu kuifungua mara tatu. Mpwa wangu alifuta mikono kwenye suruali, akaifungua yeye. Alimnyooshea mtahini, naye hakuipokea.

"Beji mpya zinakuja kwa posta Novemba," alisema, akikunja mwavuli ambao hakuufungua. "Mpaka hapo vaa hiyo. Namba nitabadilisha ofisini."

Njiani kurudi walitangulia baba na binti. Walikuwa wanagombana. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu: yake juu, ya baba yake chini, kisha kimya, kisha yake tena. Karibu na nyumba za kwanza binti alimrukia mgongoni kwa ngumi, si kwa utani, halafu akamshika mkono wakaendelea. Dada alituona kutoka barazani. Alichukua kitambaa aende kumpangusa mumewe vumbi shavuni, shemeji akakwepesha uso.

"Liache," alisema.

Ijumaa, 4 Oktoba

Basi limeondoka saa nne na mtahini, mkoba na jozi moja ya soksi. Jozi ya pili imeachwa kitandani namba tatu, saizi ya shemeji.

Nimempelekea mhariri maneno elfu nne kuhusu theluji na shomoro kumi na wanane. Habari ya shavu nimeiacha humu. Barua yake nimeiondoa chini ya mguu wa meza, nikaweka mahali pake bahasha ya vumbi. Mimi ninaondoka Jumatatu, kwa gari la mwenye duka la vyuma, kama barabara itakubali.

Wakati wa chai mpwa wangu alimimina vikombe vinne. Beji ilikuwa kifuani, imekaa upande kidogo. Shemeji alisogeza mkono, akaurudisha. Kisha akainua kikombe kwa sahani yake, akakigusisha shavuni. Sote tulingoja.

"Bado," alisema.

Tukazungumza mambo mengine. Nje mifereji ya paa ilikuwa inadondosha theluji ya mwisho. Akakigusisha tena.

"Sasa imeiva," alisema, akanywa.